Kofia ya Fundi na Nzi wa Jikoni

Jumatano, tarehe 9 Machi. Manyunyu tangu alfajiri, yakakatika saa mbili. Baada ya hapo jua kali na hewa nzito, shati linagandamana na mgongo.

Kabla ya saa ya chai, mke wa kaka yangu alipiga ukelele uliosikika mpaka stoo, nilikokuwa nikipanga katoni za pamba. Nilidhani ameungua na uji. Nilipofika mlangoni kwake nilimkuta amesimama katikati ya chumba, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeinua chupa ya kioo kuelekea dirishani.

"Shemeji, usiingie," akaniambia. "Tazama ukiwa hapo hapo. Unaona nini?"

Niliona chupa yenye uzi wa buluu shingoni. Ndani yake, chini, uji mgumu wa rangi ya kahawia. Ndani ya uji, mabuu wanajinyonganyonga. Na juu yao mdudu mweusi, mwembamba, kama punje ya ufuta iliyoota miguu. Alikuwa akitembea taratibu kama mkaguzi sokoni, anabonyeza huyu, anampita yule, anarudi kumbonyeza tena wa kwanza.

"Nyigu," nikasema.

"Nyigu," akasema. "Ndani ya nyumba yangu."

Nyumba aliyoitaja ni chumba cha nzi, katika jengo la utafiti tunapofanya kazi sote watatu: yeye, kaka yangu, na mimi wa stoo. Jengo zima humwita Shangazi, nami nitamwita hivyo. Aliingia hapo kama mfagizi. Mpishi wa nzi aliyekuwepo alikuwa na tabia ya kuacha sufuria motoni akaenda kupiga soga, na siku moja Shangazi alishindwa kuvumilia harufu ya kuungua, akaegesha ufagio, akakoroga. Ufagio huo hakurudi kuuchukua. Tangu siku hiyo ndiye anayepika uji wa nzi wa matunda: unga wa mahindi, sukari, hamira, na unga wa mwani wa kuugandisha. Huupima kwa kidole. Ukinata kidogo na kuachia, uko tayari. Ukinata na kung'ang'ania, anaumwaga na kuanza upya, hata kama wanafunzi wamepanga foleni na chupa tupu mikononi.

Upande wa pili wa korido ndefu kipo chumba cha nyigu, na anayekitunza ni mumewe, yaani kaka yangu. Yeye alikuwa fundi bomba. Aliitwa kuziba sinki lililokuwa linavuja humo ndani, na Daktari, mkuu wetu, alipoona lile jitu lenye mikono kama koleo likifunga nati ndogo bila kuiharibu hata kidogo, alimuuliza kama anaweza kushika mdudu bila kumponda. Alijaribu, akaweza. Ameacha mabomba, jina la Fundi limebaki.

Sasa, nyigu hawa si wale wa kwenye paa wanaouma watu. Hawa mtu hawamwoni kabisa. Wanachotafuta ni buu wa nzi. Nyigu jike humdunga buu na kumwachia yai tumboni; yai likianguliwa, mtoto wa nyigu humla buu kutoka ndani, na kwenye kifuko ambamo angetoka nzi, anatoka nyigu. Nilimsikia Shangazi akimweleza hivi msichana mwenye miwani, mwanafunzi mgeni, wiki yake ya kwanza:

"Lakini usidhani buu amelala tu, mwanangu. Damu yake ina askari. Wapo wadogo wadogo wanaozunguka muda wote kama walinzi wa zamu. Wakigusa lile yai, wanapiga kelele, na buu anaanza kutengeneza askari wengine, wakubwa, bapa, ambao siku za kawaida hata huwaoni. Hao wanakuja, wanajibandika kwenye yai, mmoja juu ya mwingine, mpaka wamelivika koti. Halafu koti linakuwa jeusi tii na gumu. Yai humo ndani linakufa. Buu anakua, anakuwa nzi, anaruka na kale kadoa keusi tumboni, kama mtu aliyemeza kifungo."

"Na nyigu anakubali tu?" akauliza msichana.

"Thubutu! Akidunga anaweka yai na sumu pamoja. Ile sumu inawalegeza wale askari wakubwa, wanaharibika kabla ya kufika. Basi ni mbio. Nani anamuwahi nani. Ndicho Daktari anachokitafuta: kwa nini nzi wengine wanawahi na wengine wanachelewa."

Kila Ijumaa Daktari huchukua mabuu waliodungwa, huwapasua chini ya hadubini, na kutangaza mayai mangapi yamevikwa koti. Kwa wengine hiyo ni sayansi. Kwa nyumba ya kaka yangu ni mechi. Mume yuko upande wa nyigu, mke yuko upande wa nzi, na anayeshindwa ndiye anayepika chai ya asubuhi wiki nzima. Ninaishi chumba kinachopakana na chao, ukuta ni mwembamba, na matokeo huwa nayajua kabla hawajafunga mlango.

"Leo wako wamepigwa," Shangazi husema. "Wamevikwa makoti kama wanakwenda kwenye baridi."

"Timu yangu ilikuwa na majeruhi," Fundi hujibu, na birika linasikika likiwekwa jikoni.

Kwa muda mrefu ni Fundi aliyekuwa akipika chai, na sababu ni nzi wa uzi wa buluu. Daktari aliwahi kuomba kila mtu alete nzi wa mtaani ili ajaribu kinga zao. Wanafunzi walikwenda sokoni na nyavu. Shangazi aliweka ndizi iliyoiva mno kwenye mtungi, juu ya meza ya jikoni kwake, akalala. Asubuhi alileta mtungi. Wengine wote walipodungwa waliliwa. Wa Shangazi, wengi walitoka wakiwa hai, na kidoa tumboni. Daktari akaviandika vizazi vyao kwenye kila karatasi yake kwa jina la Nzi wa Jikoni, na Shangazi akavifungia chupa zao uzi wa buluu aliouweka kwenye droo ya meza yake ya kazi, asije mtu akawachanganya.

"Mke wangu ana jiko chafu mpaka limeingia kwenye sayansi," Fundi huwaambia wageni.

"Jiko ulilokataa kufagia wewe," mkewe humalizia.

Basi nyigu alikuwa ndani ya chupa hiyo hiyo.

Nataka ieleweke jinsi jambo hili lilivyokuwa zito. Sharti la kwanza la jengo ni kwamba aliyeingia kwa nyigu haingii kwa nzi siku hiyo, asije akabeba mdudu. Mlangoni pa Shangazi lipo tangazo aliloliandika mwenyewe kwa wino mwekundu: UKITOKA KWA NYIGU USIINGIE HAPA. HATA KAMA NI MUME WANGU. Sharti la pili ni kwamba chupa iliyoingiwa na nyigu huenda kwenye friza siku hiyo hiyo, haisikilizwi. Na ile ndiyo iliyokuwa chupa pekee ya Nzi wa Jikoni iliyobaki. Ya pili ilikuwa imeota ukungu wiki iliyopita. Nzi wakubwa, waliokwisha kutaga, Shangazi alikuwa amewamwaga kwenye mtungi wa spiriti tunaouita wa marehemu, kama ada ya kazi ilivyo. Nakala ya akiba ilipaswa kuwa jengo la pili, ila Shangazi alikataa miezi yote kuitoa. "Wale vijana hawajui kupika," alisema. "Watawalisha matope."

Daktari alikuja. Ni mwanamke mfupi, mpole, ambaye akikasirika huongea polepole zaidi. Alimtoa yule nyigu kwa mrija, akamtia kwenye kichupa, akaitazama chupa kwa muda.

"Friza," akasema.

"Daktari, nakusihi."

"Shangazi, sharti umeliandika wewe."

"Niliandika. Na wino niliutoa mimi. Lakini hawa ni wa kwangu, Daktari. Wamelala jikoni kwangu."

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nzi hutoka kabla ya nyigu," akasema mwishowe, polepole sana. "Waliovika yai koti watatoka wiki ijayo. Watoto wa nyigu watachelewa wiki nzima na zaidi. Akitoka jike na akitoka dume, tunawahamisha, tumeokoa kizazi. Ila chupa haikai hapa, na haiendi kwa Fundi. Ikae stoo, ndani ya sanduku la chandarua. Ukishaitazama, siku hiyo usirudi kwa nzi wengine. Ikifika Alhamisi ya wiki ijayo bila dume na jike, friza."

"Asante, Daktari."

"Na aliyemleta nyigu huyu, nitakapomjua, anaacha wadudu. Atakwenda kuosha chupa."

Hapo ndipo Shangazi alipoanza uchunguzi. Alimsimamisha kila mtu koridoni na kioo chake cha kukuzia, akawakagua nywele. Msichana mwenye miwani aliambiwa afumue nywele zote, akafumua, akakaa ofisini siku nzima na kichwa kama mti uliopigwa na upepo. Mlinzi aliulizwa kwa nini koti lake lina mifuko mingi hivyo. Mimi niliulizwa kama nimewahi kuegemea mlango wa nyigu, nikasema labda, nikaambiwa "labda" si jibu. Lakini mshukiwa mkuu alijulikana tangu saa ya kwanza.

"Ni wewe," nilimsikia akimwambia Fundi jioni, kupitia ukutani.

"Mama, chumba chako sijakikanyaga tangu kilipopakwa rangi."

"Umemtuma."

"Nimtume nyigu? Nimwambie nini? Pinda kushoto?"

"Umechoka kupika chai."

Nikasikia kiti kikilalamika chini yake.

"Chai siichoki," akasema Fundi, kwa sauti ndogo isiyofanana na mwili wake.

Hawakuongea tena. Siku zilizofuata walikwenda kazini kila mmoja upande wake wa barabara. Ijumaa Daktari alitangaza matokeo na hakuna aliyeshangilia. Asubuhi birika halikusikika kabisa. Fundi alikuja kugonga kwangu akiwa na kikombe kitupu mkononi na kofia yake ya sufu kichwani, akaomba maji ya moto kama mpangaji mgeni.

Kofia hiyo inahitaji maneno mawili. Kaka yangu hana hata unywele mmoja, na kule kwa nyigu feni huzunguka mchana kutwa. Sharti linasema kofia ibaki nje, kwenye msumari. Yeye huingia nayo. Anasema kichwa kikipata baridi, vidole vinasahau kazi.

Stoo yangu ikageuka kuwa wodi. Shangazi alikuja kila jioni akimaliza kazi, akainama juu ya sanduku, akatazama vifuko vilivyojibandika kwenye kioo, akaguna, akaenda zake. Alipoondoka tu, mlango ulifunguliwa tena, na Fundi akaingia kwa kunyata. Jitu la namna ile kunyata ni sawa na kabati kunyata. Rafu zote zilitikisika.

"Wamesemaje?" akaniuliza.

"Nani?"

"Vifuko."

"Kaka, hivi vyenye weusi mwingi ndani nadhani vina nyigu. Timu yako inashinda."

Alinitazama kama nimemtukana mama yetu. Akaenda kwenye sanduku, akapiga magoti, na baada ya muda nikamsikia akinong'ona. Nikasogea. Alikuwa akiviambia vile vifuko: "Tokeni, wajomba. Tokeni basi. Nyumbani hapakaliki."

Jumanne asubuhi walitoka watatu. Niliwaona mimi kwanza, wamekaa juu kwenye pamba, weupe bado, mabawa yamejikunja. Nilikimbia kumwita Shangazi, akaja na kioo chake, akatazama hadi nikadhani amelala. Kisha akanyanyuka.

"Wote wana kidoa," akasema. "Wameliua." Machozi yalimlenga, akayapuuza. "Wote majike."

Jumatano akatoka mmoja zaidi. Jike. Jengo zima sasa lilikuwa linasubiri bwana harusi. Mlinzi aliacha lango mara mbili kuja kuuliza. Msichana mwenye miwani, aliyekwisha kusuka nywele upya, alisema kitaalamu si ajabu, majike hutangulia kidogo. Shangazi akamjibu kwamba hata harusini ni hivyo hivyo, wanawake wako tayari wamekaa na dume anatafuta soksi.

Alhamisi, siku ya mwisho, hapakuwa na kitu asubuhi. Mchana hapakuwa na kitu. Daktari alipita na mfuko wa friza mkononi, akautundika kwenye kitasa cha mlango wangu, akaenda. Shangazi aliketi juu ya katoni, mikono mapajani. Mlango ukafunguliwa, Fundi akaingia bila kunyata, akamkuta mkewe, akasita.

"Naruhusiwa?"

"Hii ni stoo ya ndugu yako," akasema Shangazi bila kumtazama. "Si kwangu."

Fundi akainama juu ya sanduku. Dirisha la stoo ni dogo, na kichwa chake pamoja na kofia kilifunika mwanga wote. "Nishikie," akasema, akavua kofia na kuinyoosha nyuma bila kutazama, na mkewe akaipokea kwa mazoea ya miaka.

"Hiki hapa kinatikisika," Fundi akasema. "Kile cha pembeni. Mdogo wangu, njoo. Anasukuma. Anasukuma! Kichwa hicho. Sukuma, baba!"

Nilifika kuona kichwa chenye macho mekundu kikichomoza, kisha mwili, kisha mdudu mzima, amechoka, mabawa yamekunjamana vibaya.

"Bwana harusi kaja na shati halijapigwa pasi," akasema Fundi.

"Ni dume?" nikauliza. Tulingoja. Mabawa yakanyooka polepole, tumbo likakaza, na ncha yake ikaonekana nyeusi, ya mviringo. Ubavuni, chini ya ngozi, kidoa. Fundi alipiga kofi moja lililoangusha katoni.

Nikageuka kumtazama Shangazi, nikitarajia kigelegele. Alikuwa bado ameketi pale pale. Kofia ilikuwa magotini mwake, ameigeuza ndani nje, na kidole chake kimesimama juu ya kiraka pembeni. Kiraka kilishonwa kwa mishono midogo, iliyopangana vizuri. Kwa uzi wa buluu.

Nilielewa polepole, kama ninavyoelewa mambo mengi. Uzi ule haupo nyumbani kwao. Upo kwenye droo moja tu. Siku chache kabla ya ule ukelele, wakiwa wanakula mchana kwenye benchi la nje, Shangazi aliona tundu kwenye kofia ya mumewe, akamvua mbele ya watu akisema hawezi kutembea na mwanamume anayevuja. Akaitia mfukoni mwa koti lake la kazi. Na koti lake la kazi huenda chumba cha nzi. Aliishona humo, mezani kwake, katikati ya kazi ya kumwaga nzi wakubwa, chupa ikiwa wazi kando ya kofia. Tangazo lake la wino mwekundu halikusema neno juu ya kofia.

Daktari aliitwa. Alitazama, akatabasamu, akautoa mfuko kwenye kitasa na kuukunja. "Kizazi kimepona," akasema. "Sasa limebaki swali moja. Nyigu aliingiaje?"

Shangazi akafungua mdomo.

"Ni mimi, Daktari," akasema Fundi. "Kichwa changu hiki. Niliingia na kofia kwa nyigu, akajificha humo. Mengine ni safari tu."

"Safari mpaka chumba cha nzi?"

"Nyigu ana mabawa, Daktari."

Daktari akamtazama yeye, akaitazama kofia, akamtazama Shangazi. "Kesho uanze kuosha chupa," akamwambia Fundi, polepole. Akatoka.

Jioni hiyo sikutaka kusikiliza, ila ukuta ni ule ule.

"Ulijua?" ilikuwa sauti ya Shangazi.

"Nilijua siku ile ile. Niliivua kofia, nikaona buluu."

"Na umeniacha nikununie wiki nzima? Nimemfumua nywele mtoto wa watu!"

"Ningesema, ungekuwa umeshindwa."

"Basi si ndiyo raha yako?"

"Mama," Fundi akasema, na nikamsikia akihema, "anayeshindwa anapika chai. Mimi nakupenda, lakini chai yako siiwezi. Nzi unawapikia vizuri sana. Mimi nakunywa maji ya kuoshea sufuria."

Nilingoja kitu kivunjike. Badala yake nikasikia kicheko kikianza chini chini, cha Shangazi, kikapanda, na cha Fundi kikakifuata, hadi picha iliyotundikwa upande wangu ikaenda upande.

Asubuhi iliyofuata, Ijumaa, mawingu bila mvua, Shangazi aliamka kabla ya mumewe na kupika chai. Harufu ya majani yaliyochemka kupita kiasi ilinifikia kitandani. Fundi aliinywa yote. Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani, kisha mtu mzima akikohoa. Walikwenda kazini upande mmoja wa barabara. Shangazi hakupita chumbani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Daktari, kofia ikiwa kwenye mfuko uliofungwa mdomo, akakaa humo muda mfupi, akatoka, akachukua aproni ya plastiki ya kuoshea chupa kutoka kwenye msumari. Alimpa msichana mwenye miwani kijiko chake cha kukorogea uji na maelekezo marefu. Akalichukua tangazo lake, akaongeza kwa wino mwekundu: WALA KOFIA YAKE. Halafu akaupeleka ule mfuko kwenye friza, akaulaza katikati ya chupa zilizohukumiwa, akafunga mlango, na Fundi akashinda siku nzima kwa nyigu wake, kichwa wazi chini ya feni.